Kuchunguza Mwezi si anasa



Wapo wananchi wanaosema kwamba kuchunguza Mwezi ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba sisi wakulima wa huku Kigoma hayatuhusu. Mimi sikubaliani nao.

Mawe kutoka angani huupiga Mwezi mara kwa mara. Hapa duniani mengi huungua hewani, ndivyo vile vimondo tuvionavyo usiku. Mwezi hauna hewa ya kuukinga, hivyo hata jiwe dogo hugonga ardhi yake kwa kasi kubwa na kutoa mmweko. Tarehe 17 Machi, 2013 Wamarekani waliona mmweko wa jiwe lililokadiriwa kuwa na kilo 40. Baadaye picha zilionyesha shimo jipya lenye upana wa mita 18. Kwa kuhesabu mimweko hiyo, wataalamu hukadiria wingi wa mawe yanayopita jirani nasi, ambayo yaweza kuharibu setilaiti zinazotuletea televisheni na habari za mvua. Je, mkulima mvua haimhusu?

Darubini za ardhini huzuiwa na mawingu, kama haya ya masika yetu, na haziuoni kamwe upande wa Mwezi uliotupa kisogo. Ndiyo maana wenzetu wamegeukia setilaiti ndogo. Novemba 2022 Wajapani walirusha EQUULEUS ikiwa na kamera ya kazi hiyo, ingawa mawasiliano nayo yalikatika mwaka 2023. Shirika la Anga la Ulaya nalo limebuni LUMIO kwa ajili ya upande huo wa nyuma.

EQUULEUS haikufikia ukubwa wa debe la mahindi. Na majirani zetu wameshathubutu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipeleka angani 1KUNS-PF, kasha la sentimeta 10 kila upande, kwa mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani. Uganda ikafuata mwaka 2022 na PearlAfricaSat-1. Hazikwenda Mwezini, lakini vijana wao wameijua kazi.

Sisi tunacho kimondo cha Mbozi, chenye takriban tani 16, tunachowaonyesha watalii. Tusiishie kuonyesha jiwe. Napendekeza vyuo vikuu vyetu vianze na darubini za kawaida zenye kamera za video, moja Kigoma na nyingine Dar es Salaam, maana mmweko huthibitishwa vizuri unapoonekana kutoka mahali pawili. Kiangazi, anga ya huku haina mawingu mengi. Vijana wakizoea kusoma picha hizo, siku nafasi ya setilaiti itakapopatikana hatutaanza kutafuta watu wa kuitumia.

Najua wapo watakaosema tungoje madawati kwanza. Madawati ni haki ya watoto wetu, na wahusika wayalete. Lakini mtoto akishakaa juu ya dawati lazima awe na jambo la kusoma. Tukimwambia mapema kwamba anga ni ya wengine, atatuamini.

Mkulima,
Mtendeli, Kigoma.