Kinundu Kipewe Jina Lake

Wako watu wanaodhani kuwa kuandika jina la ugonjwa daftarini ni kazi ya karani, na kwamba kazi ya mganga humalizika pale mgonjwa anapopewa dawa. Dhana hiyo ni potofu, na madhara yake huwaangukia wananchi.

Tuseme mama mzee wa Ufipa ana kinundu cheusi mgongoni. Kwa miaka mingi hakimsumbui. Kisha mzigo wa kuni unakisugua. Kinavimba, kinawasha na kutoa damu. Jirani anasema mama huyo amelogwa, katika mkoa ambao jina la makao yake makuu, Sumbawanga, huelezwa kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Mganga asiyetazama vizuri anasema ni jipu. Wote wawili wamekosea.

Kinundu cha namna hiyo mara nyingi ni keratosisi ya seborea, ambayo si saratani wala haiambukizi. Katika Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, toleo la 10, lililoanza kutumika mwaka 1994, msimbo wake ni L82. Lakini kinundu cheusi kinachotoa damu, hasa kikiwa wayoni, huenda kikawa melanoma, saratani yenye msimbo C43. Penye shaka, kipande kikatwe na kupelekwa maabara. Anayeandika "ugonjwa wa ngozi" tu amevitia vyote katika gunia moja.

Watetezi wa uzembe husema foleni ni ndefu na wataalamu wako mbali. Ni kweli kwamba kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiko Moshi. Lakini daftari za Rukwa zikikaa kimya, nani ataamini kwamba Rukwa inahitaji mtaalamu? Herufi moja na tarakimu mbili hazirefushi foleni.

Kosa la pili ni la makusudi: kukikuza kinundu kwenye karatasi ili madai ya bima yaongezeke. Anayefanya hivyo anawaibia watumishi na walimu wanaokatwa mishahara kuchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999.

Basi mganga atazame kwanza, aandike alichokiona, wala asipunguze wala asiongeze. Taifa haliwezi kupanga tiba ya ugonjwa lisioujua kwa jina.