Jasho lililobaki Riyadh na Jeddah: nani anatunza fedha za wafanyakazi waliokwishaondoka?

Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Novemba, mabenki, makampuni ya bima, makampuni ya simu na waajiri nchini Kenya hutakiwa na sheria kupeleka serikalini orodha ya fedha walizonazo ambazo wenyewe hawajulikani walipo. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2011, na ndiyo iliyounda Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, UFAA. Hesabu hufungwa tarehe 30 Juni, mwenye mali hutafutwa kwa anwani yake ya mwisho, na asipopatikana jina lake na fedha zake huhamia kwa mamlaka hiyo, ambako yeye au warithi wake wanaweza kuzidai. Mkenya mwenye simu ya kawaida anaweza kubonyeza *361# akajua kama kuna kitu chake.

Utaratibu huo unaishia mpakani. Maelfu ya Wakenya, Waganda na Watanzania wamefanya kazi katika miji ya Riyadh na Jeddah wakaondoka wakiwa wanadai: mishahara ya miezi ya mwisho, kiinua mgongo, au salio la benki lililofungwa pamoja na kibali cha ukaazi. Fedha hizo nazo ni mali isiyodaiwa kwa maana kamili ya neno hilo. Tofauti ni kwamba hakuna mwajiri wa Riyadh anayelazimika kumwambia mtu yeyote Nairobi, Kampala au Dodoma kwamba anazo.

Ni vyema kwanza kueleza sheria ya Saudia yenyewe inasema nini, kwa sababu wengi hudhani kule hakuna sheria. Sheria ya kazi ya mwaka 2005 inampa mfanyakazi wa kampuni nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na mshahara mzima wa mwezi kwa kila mwaka unaofuata. Mlinzi anayelipwa riali 2,000 kwa mwezi, akimaliza mkataba baada ya miaka 7, anastahiki riali 9,000, yaani zaidi ya shilingi 300,000 za Kenya. Mwajiri anatakiwa kumlipa ndani ya wiki moja, au wiki mbili ikiwa mfanyakazi ndiye aliyevunja mkataba.

Kwa watumishi wa majumbani, ambao ndio wengi miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki, mambo ni mengine kabisa. Wao wametolewa nje ya sheria hiyo. Kanuni zao za mwaka 2013 ziliwapa mshahara wa mwezi mmoja tu baada ya kutimiza miaka 4 kwa mwajiri mmoja. Ni wachache wanaofika miaka 4 katika nyumba moja, kwa hiyo kwa wengi deni huwa ni la mishahara iliyozuiliwa, ile ambayo mwenye nyumba husema "nakuwekea, utachukua siku ya kuondoka."

Siku ya kuondoka hufika kwa namna nyingi. Wapo wanaopewa tiketi usiku na kupelekwa uwanja wa ndege asubuhi. Wapo waliokimbia nyumba, wakaripotiwa kuwa watoro, wakaishia katika kituo cha Shumaisi kati ya Jeddah na Makka wakisubiri kurudishwa kwao. Na wapo waliorudi ndani ya jeneza. Mwaka 2021 serikali ya Kenya ilieleza kuwa Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudia katika muda wa miaka miwili, na mwezi Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti vifo visivyopungua 274 vya wafanyakazi wa Kenya katika miaka 5. Mjadala katika nchi zetu umekuwa juu ya sababu za vifo hivyo, na ni haki uwe hivyo. Lakini kila mmoja wa marehemu hao alikuwa na mwajiri, na kila mwajiri alikuwa na hesabu ya mwezi ule wa mwisho. Hesabu hiyo ilifungwaje? Swali hili haliulizwi mara nyingi, pengine kwa sababu familia iliyo katika msiba huona aibu kuuliza habari za fedha kabla ya maiti kufika.

Wakati huohuo saa inakwenda. Sheria ya Saudia inasema mahakama ya kazi haitapokea madai baada ya kupita miezi 12 tangu uhusiano wa kazi ulipokwisha, isipokuwa mdai awe na udhuru unaokubaliwa na mahakama au mwajiri mwenyewe akiri deni. Miezi 12 ni mingi kwa mtu aliye Riyadh. Kwa mjane aliye Kilifi au mama aliye Mukono, ambaye anahitaji kwanza hati ya warithi, kisha wakala uliothibitishwa na wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa Saudia, kisha mtu wa kuupeleka wakala huo mahakamani kwa lugha ya Kiarabu, ni michache mno. Ikiwa kazi ilikuwa Jeddah na shughuli za ubalozi ziko Riyadh, kuna karibu kilomita 950 za barabara katikati.

Hapa ndipo sheria ya Kenya na sheria ya kazi ya Saudia zinapoachana. Katika utaratibu wa mali isiyodaiwa, mwenye mali anapotoweka, wajibu humwangukia yule aliyeshika fedha: aripoti, akabidhi, asizile. Katika madai ya kazi ni kinyume chake. Anayedaiwa hukaa kimya, na ukimya wake ukifika mwaka mmoja unamfaidisha.

Kinachoshangaza ni kwamba Saudia haikosi kabisa desturi ya kutunza mali ya asiyejulikana. Katika fikihi ya Kiislamu mali iliyookotwa, yaani luqata, ina hukumu zake tangu zamani: aliyeiokota huitangaza, wala haiwi yake kwa sababu tu mwenyewe hayupo. Kazi hiyo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Baitulmali na mahakama, ilipewa chombo maalumu kwa sheria ya mwaka 2006 iliyounda mamlaka ya kusimamia mali za watoto na wengine wasioweza kujisimamia. Miongoni mwa majukumu yake ni kuhifadhi mali ambazo wenyewe hawajulikani, vitu vilivyookotwa na vilivyoibwa, hadi wenyewe wajitokeze. Wasomaji wa Zanzibar watakiona chombo hicho kuwa ndugu wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo Wazanzibari huiendea kwa mambo ya mirathi.

Mabenki nayo yana kanuni za Benki Kuu ya Saudia, ambayo bado hujulikana kwa jina la SAMA. Akaunti isiyoguswa na mwenyewe kwa miezi 24 huhesabiwa kuwa imelala. Ikifika miaka 5 huwa haijadaiwa. Ikifika miaka 15 huwa imetelekezwa. Hata hapo benki hairuhusiwi kuigeuza kuwa faida yake, na haki ya mwenyewe na warithi wake inabaki. Kwa karatasi, basi, salio la Mkenya katika benki ya Riyadh liko salama kuliko mshahara wake ulio mfukoni mwa mwajiri.

Tatizo ni kulifikia. Akaunti ya mgeni husimamishwa kibali chake cha ukaazi kinapoisha muda. Laini ya simu aliyoiandikisha kwa kibali hicho hukatika, na bila namba hiyo haingii katika mitandao ya serikali wala ya benki. Maduka ya kutuma fedha nayo hutaka kibali chenye uhai. Aliyeondoka kwa haraka akaacha riali 1,500 katika akaunti atatumia zaidi ya hizo kuzirudisha, na ndiyo sababu nyingi huachwa. Kidogo cha mtu mmoja si habari. Kidogo cha maelfu ya watu ni fedha nyingi zinazolala mahali pasipo na wa kuziuliza.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kampuni ya ujenzi ya Saudi Oger, mali ya familia ya Hariri ya Lebanon, iliyokuwa na makao yake Riyadh. Bei ya mafuta ilipoanguka, serikali ikachelewesha malipo ya miradi, na kampuni ikaacha kulipa mishahara. Mwaka 2016 maelfu ya wafanyakazi, wengi wakiwa Wahindi, Wafilipino na Wapakistani, walikwama kambini wakiwamo walioko Jeddah, ambako serikali ya India ililazimika kuwapelekea chakula. Mwezi Agosti mwaka huo Mfalme Salman aliagiza riali milioni 100 zitumike kuwasaidia. Julai 2017 kampuni ilifunga milango. Wengi walikuwa wameshapanda ndege kurudi kwao mikono mitupu, wakiambiwa kwamba madai yao yatafuata.

Madai ya Wafilipino yalifuata kweli, ingawa kwa mwendo wa kobe. Mwezi Novemba 2022 Rais Ferdinand Marcos alitangaza kuwa Mwana Mfalme Mohammed bin Salman amemwahidi riali bilioni 2 kwa ajili ya Wafilipino wapatao 10,000 wanaoyadai makampuni ya Saudia yaliyofilisika. Mapema mwaka 2024 zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamepata hundi zao. Ilichukua mazungumzo ya wakuu wa nchi, na miaka kadhaa, lakini jambo moja lisingewezekana kama serikali ya Manila isingekuwa nalo: orodha. Ilijua nani, kampuni gani, kiasi gani. Hata aliyefariki katikati alikuwa na jina ambalo warithi wangeweza kulishika.

Je, serikali zetu zina orodha kama hiyo? Kenya ilitia saini makubaliano ya kazi na Saudia mwaka 2017, Uganda ilitangulia mwaka 2015. Mawakala wa ajira wanaopeleka wafanyakazi wana ofisi Nairobi na Kampala, wana mikataba, wanajua mshahara na tarehe. Hao wako ndani ya mkono wa sheria. Kumlazimisha wakala aripoti kila mwaka ni wafanyakazi wangapi aliowapeleka wamerudi au wamefariki, na kila mmoja anadai nini, hakuhitaji ruhusa ya Riyadh. Ni ripoti ileile ambayo benki ya Nairobi hupeleka kila Novemba, ila inahesabu fedha zilizo mikononi mwa mtu mwingine.

Wamarekani walikutana na jambo la namna hii baina ya majimbo yao. Mwaka 1965 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kuwa fedha isiyodaiwa ipelekwe kwanza kwa jimbo la anwani ya mwisho ya mwenyewe, wala si kwa jimbo ilipo kampuni tu. Baina ya Saudia na Afrika Mashariki hakuna mahakama ya kutoa uamuzi kama huo. Njia iliyopo ni makubaliano ya nchi mbili.

Saudia yenyewe imebadilisha mambo kadhaa. Oktoba 2024 ilianzisha bima ya mishahara ya wafanyakazi wa kigeni: kampuni ikishindwa kulipa kwa miezi 6, mfanyakazi anaweza kupata hadi riali 17,500, na tiketi isiyozidi riali 1,000. Watumishi wa majumbani hawamo. Kwao ulianzishwa utaratibu wa kulipwa kupitia benki na pochi za simu chini ya mfumo wa Musaned, kuanzia Julai 2024 kwa mikataba mipya, na awamu ya mwisho ya waajiri wote ilipangiwa tarehe 1 Januari 2026. Kwa mara ya kwanza mshahara wa yaya unaacha alama mahali fulani, na mwezi ambao haukulipwa unaonekana kuwa haukulipwa.

Lakini alama hiyo iko katika kompyuta za Riyadh. Balozi akiletewa taarifa ya kifo, anastahili kuiona hesabu hiyo siku hiyohiyo, kabla miezi 12 haijaanza kuliwa na safari za karatasi. Hilo ni sharti la mstari mmoja, na linaweza kuwekwa mezani mara makubaliano ya kazi yatakapojadiliwa tena.