Gofu iliondoka Mnazi Mmoja, uwanja ukabaki

Mfanyabiashara anayepanda boti katika Bandari ya Dar es Salaam kwenda Unguja huacha nyuma yake uwanja wa Mnazi Mmoja, na akishuka upande wa pili hukuta uwanja mwingine wenye jina hilo hilo. Wengi hudhani ni majina yaliyofanana tu. Lakini viwanja hivi viwili vina historia inayokaribiana, na ndani yake mna somo kwa kila mkulima na mchuuzi anayetegemea ardhi ya wazi kupata riziki.

Mnazi Mmoja wa Unguja uko pembeni mwa Mji Mkongwe, karibu na bahari. Zamani ulikuwa shingo nyembamba ya nchi kavu, bahari upande mmoja na mkono wa maji upande wa pili. Mkono huo wa maji ndio uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ulifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, ikapita hapo barabara iliyojulikana kama Creek Road, ambayo sasa inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa.

Wakati wa utawala wa Waingereza, sehemu ya uwanja huo ilitengwa kwa michezo ya Wazungu, hasa wanachama wa English Club, klabu iliyokuwa na makao yake Shangani katika jengo ambalo baadaye lilikuja kuwa hoteli ya Africa House. Hapo palichezwa kriketi na tenisi, na palikuwa na kiwanja cha gofu. Mwananchi wa kawaida aliijua gofu hiyo kwa kuitazama kwa mbali tu.

Leo gofu hiyo haipo. Utawala ulioileta uliondoka, na Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakabadili kabisa mpangilio wa nani anamiliki nini Unguja. Pamoja na hayo, uwanja haukufa. Vijana wanaendelea kucheza mpira hapo, na kwa miaka mingi sikukuu ya Idi imekuwa ikiwakusanya watoto na wazazi katika eneo hilo. Palipo na sikukuu pana biashara. Muuza urojo, muuza juisi ya miwa, mwenye vitu vya kuchezea watoto na mwenye nguo, wote hupata siku zao za mavuno.

Dar es Salaam nayo ilipangwa kwa namna hiyo. Waingereza waliuteka mji Septemba 4, 1916, na eneo walilopiga kambi wapagazi wa jeshi lao likapata jina la Kariakoo. Baada ya vita mji uligawanywa kwa kanda: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati na Waafrika Kariakoo. Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo ili watu wasichanganyike. Karibu na bahari, viwanja vya Gymkhana navyo vilifanya kazi kama hiyo, vikitenga makazi ya Wazungu na mji wa biashara. Gofu inaendelea kuchezwa Gymkhana mpaka leo.

Wananchi hawakukubali Mnazi Mmoja ubaki kuwa mpaka. Pembeni yake katika ukumbi wa Arnautoglo, Aprili 1953, Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, chama kilichozaa TANU mwaka uliofuata. Uwanja wenyewe ukawa mahali pa mikutano ya kudai uhuru, na baadaye ukajengwa mnara wa Mwenge. Ardhi iliyotengwa ili kugawa watu ikageuka kuwa mahali pa kuwakutanisha.

Kwa hiyo kuna jambo moja la kutafakari. Wakoloni walivitenga viwanja hivi kwa ubaguzi, lakini kule kutengwa ndiko kulikovikinga visijengwe. Waliovitenga walipoondoka, ulinzi uliobaki ni matumizi ya wananchi wenyewe, yaani mpira, sherehe, mikutano na biashara ndogondogo. Uwanja unaotumiwa na wengi humpa taabu mtu anayetaka kuumega usiku. Ule usio na watumiaji wala kumbukumbu kwenye maandishi huota ukuta siku moja, na mwenye ukuta huonesha karatasi.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanajua gharama ya kukosa nafasi. Soko kuu lilipoungua Julai 10, 2021, wafanyabiashara walilazimika kutafutiwa mahali pengine. Mwishoni mwa mwaka huo huo wamachinga waliondolewa kando ya barabara katika miji mingi nchini na kuelekezwa kwenye maeneo maalumu. Katika matukio yote mawili swali lilikuwa lile lile: eneo la wazi liko wapi? Mji uliokwisha kujenga kila kipande hauna jibu zuri, na anayeumia kwanza ni mwenye mtaji mdogo.

Vijijini hali si tofauti. Kiwanja cha mnada, njia ya mifugo, uwanja wa shule na sehemu ya kupakilia mazao huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya jumuiya na kutaka iwe na rejista yake kijijini. Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 inahusu mipango ya matumizi ya ardhi, na Na. 8 ya mwaka huo huo inahusu mipango miji. Sheria zipo. Kinachohitajika ni wananchi kuuliza katika mkutano mkuu wa kijiji: mnada wetu umeandikwa wapi, na mipaka yake inaishia wapi?

Halmashauri nazo zina wajibu wa kupima maeneo ya wazi, kuweka alama za mipaka zinazoonekana na kuwashirikisha wanaoyatumia kabla ya kubadili matumizi yake. Vyama vya wachuuzi visingoje tingatinga ndipo viandike barua. Ni vema viwe na nakala ya ramani ya eneo lao mapema, na kumbukumbu za ushuru walioulipa.

Wacheza gofu wa Unguja walikuwa na klabu, sheria na serikali upande wao, na bado mchezo wao ulitoweka pale Mnazi Mmoja. Mchuuzi hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana wingi wa wenzake na haki ya kuandikwa. Akivitumia vyote viwili, wajukuu wake watakuta mahali pa kupanga bidhaa.