Granqvist hakurudi nyuma, alirudi nyumbani

Wasee, tuna hii tabia ya kumpima mtu kwa umbali aliofika. Ukienda mbali, wewe ni mkali. Ukirudi kwenu, eti umeisha. Mimi niliacha chuo, so hayo maneno nayajua vizuri.

Sasa mcheki Andreas Granqvist, beki wa zamani wa Uswidi. Zlatan alibeba Guldbollen, tuzo ya mchezaji bora wa Uswidi, miaka 10 mfululizo, 2007 hadi 2016. Aliyemrithi 2017? Huyu beki. Mwaka huo Uswidi ikaizuia Italia kwenda Kombe la Dunia. 2018 kule Urusi, Granqvist akiwa nahodha, alifunga penalti dhidi ya Korea Kusini na nyingine dhidi ya Mexico. Wakafika robo fainali.

Kutoka hapo akaenda wapi? Helsingborg, klabu alikoanzia soka ya kulipwa, na ilikuwa imeshuka hadi daraja la pili! Nahodha wa taifa, miaka 33, anacheza ligi ambayo wengi wetu hata hatuijui jina. Msimu huo huo wakapanda.

Ndiyo, 2020 walishuka tena. Lakini swali langu si kama aliwaokoa milele. Ni nani kati ya hao mastaa wenu angekubali kwenda pale akiwa juu hivyo?

Anayerudi akijua anaenda kujenga nini hajashindwa. Kwa hivyo kabla umcheke beshte aliyerudi ocha, muulize kwanza amerudi kufanya nini.