Mgeni wa Siku Moja Kilwa Kisiwani: Nani Atamsimulia?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yafaa kuwa kipimo cha biashara moja inayoonekana katika mwambao wa Afrika Mashariki: meli kubwa za kitalii hutia nanga asubuhi karibu na kisiwa kidogo, hushusha abiria kwa mashua, kisha hung'oa nanga kabla ya jua kutua. Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, ni miongoni mwa visiwa vilivyopokea meli za aina hiyo. Makala haya yanashikilia kuwa ziara ya siku moja haina budi kupangwa kwa kuanzia na mwenyeji na lugha yake, wala si kwa kuanzia na saa ya nahodha.

Huenda msomaji akauliza: mtu wa Itumbe, huku kwenye vilima vya Gusii, bahari yamhusu nini? Yamhusu sana. Vinyago vya mawe ya sabuni vinavyochongwa Tabaka, katika Kaunti yetu ya Kisii, huuzwa katika maduka ya watalii hadi pwani. Aghalabu mnunuzi huondoka na kiboko cha jiwe bila kulisikia jina la Tabaka. Bidhaa ikikosa hadithi yake, faida humwelekea muuzaji wa mwisho, naye mchongaji huambulia kidogo. Kisiwa kinachotazamwa bila kusimuliwa nacho hupatwa na hali iyo hiyo.

Ikumbukwe kwamba abiria wa meli hizi hulala melini na hula melini. Kinachoweza kubaki kisiwani ni kiingilio, nauli ya mashua, ujira wa mwongozaji na bei ya mkeka au kikapu. Pale ambapo kampuni ya meli ndiyo hupanga kila kitu, mwenyeji huweza kugeuka mtazamaji katika ardhi yake. Huko Labadee, kaskazini mwa Haiti, kampuni ya Royal Caribbean ilianza kukodi ufuo mwaka 1986, na ufuo huo ukatengwa kwa ua. Kwa upande mwingine, mji wa Dubrovnik nchini Kroatia, ulioelemewa na wageni, uliafikiana na kampuni za meli kwamba kuanzia mwaka 2019 meli zisizidi mbili kwa wakati mmoja. Hivyo basi, mwenyeji anaweza kuweka masharti, na meli zikaendelea kuja.

Kilwa ina haki ya kuweka masharti. Huu ndio mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wake, mji ulionawiri kwa dhahabu ya Sofala. Msikiti wake Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, na kasri la Husuni Kubwa likajengwa karne ya 14. Magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta zilizookolewa kwa jasho hilo hazistahili kukanyagwa na mamia ya watu kwa pamoja.

Kwa hiyo, mpango wa ziara uzingatie mambo matatu. Kwanza, wageni washuke kwa mafungu madogo, kwa kufuata maji kujaa na kupwa kama wanavyoyajua manahodha wa mashua wa Kilwa. Pili, soko la siku hiyo liwape wenyeji nafasi ya mbele, na kila bidhaa itajwe mahali ilikotoka, iwe ukili wa Kilwa au jiwe la Tabaka. Tatu, na hili ndilo kuu, msimulizi awe mwana wa kisiwa, asimulie kwa Kiswahili, naye mkalimani afasiri.

Wapo watakaopinga kwamba ukalimani hula muda, na muda ndio adimu katika ziara kama hii. Ni kweli. Mgeni ambaye angepitishwa katika magofu sita huenda akaona matatu tu. Hata hivyo, matatu yaliyosimuliwa ni bora kuliko sita yaliyopigwa picha. Isitoshe, mzee anayekijua kisiwa hataachwa kando kwa sababu tu hakusoma Kiingereza au Kifaransa. Ujuzi wake utakuwa na bei.

Hapa ndipo wajibu wetu unapoanzia. Mara nyingi mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa atafanya kazi gani zaidi ya ualimu. Kukusanya masimulizi ya wazee, kusanifu istilahi za mambo kale na kuwafunza wakalimani ni kazi, tena yenye ujira iwapo tutaidai mapema. Idara zetu zishirikiane na vyuo vya Tanzania katika jambo hili, na vyama vyetu vilifanye ajenda ya makongamano. Shime wanafunzi wenzangu! Tusipomwandaa msimulizi leo, kesho kisiwa kitasimuliwa na kipaza sauti cha meli.