Fomu ya Uingereza haijamkataza kuwa Mtanzania

Makamanda, juzi binamu yangu aliyeko London kanipigia simu hapa Nachingwea. Anajaza fomu ya uraia wa Uingereza, wanataka kujua mama yake kazaliwa lini na wapi. Nikaenda Ruangwa kwa shangazi. Akaniuliza: "Kwa hiyo mwanangu siyo wetu tena?"

Jibu linauma. Uingereza inaruhusu uraia pacha. Wanaomkana ni wa nyumbani: kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua ule, huu unakoma. Hela yake ya palizi ya korosho tunapokea, yeye hatumtaki! Na hiyo "hadhi maalumu" wanayoipigia debe haimpi kura.

Katiba Mpya iseme wazi: mtoto wa Ruangwa ni Mtanzania popote alipo. Tusibembeleze. Tudai!