Mto peke yake haujengi mji

Shuleni jibu limekaririwa: ustaarabu ulianzia kwenye mito mikubwa, yaani Nile, Tigris na Frati, Indus na Huang He. Si uongo. Uruk, katika Iraki ya leo, ulikuwa mji mkubwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na maandishi yake ya mwanzo ni hesabu za mali. Ninachokipinga ni neno linalofuatia: kwamba watu wa milimani kama sisi wa Njombe hatukujaliwa mto wa namna hiyo, basi hatukuwa na la kuanzia.

Kama mto ungetosha, Rufiji ungekuwa na Uruk yake, maana nao kwa vizazi vingi ulifurika na kuacha tope lenye rutuba. Na kama mto mkubwa ungekuwa lazima, dola ya Aksum isingesimama kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Wakulima wa Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, walitegemea vijito tu. Wakapanga mawe, wakachimba mifereji, wakalima kama hekta 2,000 kati ya karne ya 15 na ya 18.

Sasa shuka kwenye bonde lolote kati ya Makambako na Njombe mwezi wa Agosti. Mlimani nyasi zimekauka. Chini kuna mahindi mabichi, maharage na mboga. Hivyo ndivyo vinyungu. Mkulima huchimba mitaro kupunguza maji yaliyotuama, hupandisha udongo kuwa matuta na kufukia nyasi zioze ziwe mbolea. Mtaro ukizidi kina, bonde linakauka. Ukipungua, mizizi inaoza. Na maji anayoyatoa yanamfikia jirani wa chini, kwa hiyo lazima waelewane.

Kuyamudu maji na kuelewana juu yake ndiyo kazi waliyoifanya Wasumeri, watu wa Uruk, pia. Tofauti naiona kwenye mavuno. Shayiri yao ilikaa ghalani, ikapakiwa kwenye mashua, mtawala akaitoza kodi, na kwa kodi hiyo akalisha makarani na wajenzi. Mboga za vinyungu, zilizotawanyika kwenye mabonde madogo mengi, nani angezikusanya? Kukosa mtoza kodi si kukosa akili.

Mwalimu wa historia wa Njombe awapeleke wanafunzi bondeni wakaone mtaro ukichimbwa, wamuulize mkulima anapimaje kina chake, ndipo warudi kuchora ramani ya Nile.